Sale Halitumwi kwa Picha

Aika mwanangu,

Wewe na mama yako mmeshuka Kiboriloni kununua begi, na mkiingia pale sokoni pamoja najua hamrudi mapema. Mama yako hanunui kitu kabla hajakigusa, akakikataa, akaondoka, akakirudia. Kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Nimekaa bandani kwenye kigoda cha kukamulia, daftari liko magotini, na ng'ombe wetu Malaika ananipumulia shingoni kwa sababu anadhani nimemletea pumba. Ukikuta kurasa zina harufu ya ng'ombe, ujue imetoka hapo.

Sitakuandikia habari za chandarua, maji ya kuchemsha wala kwenda ibada. Mama yako atakuambia yote hayo, atayarudia stendi, na basi likianza kuondoka atakuwa anakimbia pembeni anayarudia dirishani. Mimi nina jambo moja tu. Tangu siku ya matokeo yako, mwaka juzi, unanisalimia vizuri, unanitengea chakula, ukiitwa unaitika. "Ndiyo Baba." "Sawa Baba." Mgeni akituona atasema mzee huyu kajaliwa binti mwenye adabu. Lakini mimi nakujua. Wewe ulikuwa mtoto wa kunibishia mpaka mama yako anatoka jikoni kuamua ugomvi. Nimeukosa ubishi wako, na nimeukosa sana. Kesho unaondoka kwenda chuoni Tabora, na sitaki uondoke tukiwa bado kwenye "sawa Baba".

Jumapili iliyopita uliniambia utaniachia simu yako ya zamani, ile ya tachi, ili tuwe tunaonana kwa video. Nikakujibu "sitaki" kama mtu anayefukuza kuku. Ukasema "sawa Baba" ukatoka kwenda kukata majani. Nadhani ulielewa kwamba sitaki kukuona. Si hivyo hata kidogo, lakini sikujua namna ya kueleza nikiwa nimesimama, ndiyo maana naeleza nikiwa nimekaa.

Unakumbuka nilivyokuwa na simu yangu ya tachi. Ulikuwa unanitania kwamba nimeoa mke wa pili na anakaa mfukoni. Nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya kazi, na kwa kweli ilinisaidia. Kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mrija, kuwatia mbegu bila dume, ni kazi ya muda. Ng'ombe akionyesha dalili za kutaka dume asubuhi, unampandisha jioni. Ukichelewa umepoteza, mwenye ng'ombe anasubiri wiki tatu nyingine na jina lako linatajwa vibaya kwenye foleni ya maziwa. Zamani nilipanda mlima kwenda kumwangalia ng'ombe ambaye alikuwa amekasirika tu. Simu ilipokuja, watu wakawa wananitumia video. Naangalia, nasema huyu bado, huyu leo, huyu mpe dawa ya minyoo. Nikawa natibu nikiwa nimekaa kivulini Shirimatunda nakunywa chai. Nikajiona mtaalamu kweli kweli.

Baada ya muda nikaacha kabisa kwenda mahali ambapo picha ingetosha. Hapo ndipo nilipoharibu, na sikuharibu siku moja.

Habari ya ng'ombe wa Baba yako Mkubwa unaijua nusu. Nusu nyingine sikumwambia mtu hapa nyumbani, hata mama yako. Ng'ombe wake alikuwa amezaa usiku, na asubuhi hakusimama. Baba Mkubwa hana simu ya tachi, kwa hiyo Mama Mkubwa akapiga picha kwa ya kwake akanitumia. Mimi nilikuwa Kwa Sadala, upande wa pili kabisa wa mji, nina ng'ombe wawili wa kupandisha. Nikaiangalia picha. Ng'ombe amelala, kichwa amekigeuzia ubavuni, ndama yuko mzima pembeni. Nikaandika: amechoka na uzazi, mpeni maji ya uvuguvugu yenye pumba na chumvi, nitapita kesho. Nikaweka na kile kidole gumba cha njano.

Ilikuwa homa ya maziwa. Ng'ombe mwenye homa hiyo anahitaji chupa ya dawa mshipani siku ile ile, na akiipata husimama mbele ya macho yako, akajikung'uta kama hakuna kilichotokea. Nimeshawasimamisha wengi. Na kuijua si kazi ngumu, unashika masikio tu. Yakiwa ya baridi, usibishane na mtu, tafuta mshipa. Lakini picha haina baridi. Niliitazama ile picha mara mbili, nikaikuza kwa vidole viwili nikayaona masikio yake vizuri sana, na sikujua kitu.

Alikufa kabla ya jua kuchwa. Yule ng'ombe ndiye aliyekuwa anawalisha pale juu, tangu kahawa yao iliposhikwa na ugonjwa. Kaka yangu hakunitukana. Aliniambia neno moja tu kwa simu ya mkewe: "Ungekuja." Halafu akaacha kunisemesha.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Wewe ni mtoto wa huku, unajua. Ukimkosea mtu kosa zito unakwenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, unakata jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Akishapewa sale hawezi kukataa kukusamehe, hata kama bado anakuchukia. Marehemu babu yako aliwahi kusamehe mtu kwa namna hiyo huku machozi ya hasira yanamtoka, nilikuwa mdogo nikaona. Mimi nilikuwa najua yote hayo. Lakini wiki ile nilikuwa na kazi nyingi, na pale juu ni mwendo wa saa nzima wa kupanda, na kwa kweli niliogopa uso wake. Nikapiga picha ya sale hapo uani, nikamtumia Mama Mkubwa amwonyeshe. Nikaongeza ujumbe wa sauti. Nilijiona nimemaliza. Hata nilijisifu moyoni kwamba nimeunganisha mila na maendeleo.

Hakujibu. Nikasema moyoni, mtu gani huyu anayekataa sale? Nikakasirika mimi, niliyekosa. Mwaka mzima tukawa tunakutana kwenye misiba tunapeana mikono kama watu wa vijiji viwili.

Halafu yakaja matokeo yako ya kidato cha sita.

Naandika hapa polepole. Wewe ulikuwa shambani unakata majani ya ng'ombe, simu yako umeiacha ndani inachaji. Mimi niliyafungua kabla yako kwa sababu nilikuwa na bando na sikuwa na subira. Nikaona. Nilichopaswa kufanya ni kushuka shambani, hatua mia mbili, nikae na wewe kwenye majani. Badala yake nilisimama pale pale nikaandika kwenye grupu la ukoo: "Ndugu zangu, mtoto wetu Aika hakufanikiwa, naomba tumwombee." Nikabandika na ile sehemu yenye matokeo yenyewe. Ndani ya dakika chache watu arobaini walikuwa wanajua kitu ambacho wewe ulikuwa hukijui. Shangazi yako akapiga, mama yako akakuletea simu shambani bila kujua ni ya nini, na ukapewa pole. Ulipewa pole ya kufeli kabla hujajua kwamba umefeli.

Nilikuona unapanda kutoka shambani. Mzigo wa majani ulikuwa bado kichwani, hukuuacha. Ukautua hapa bandani, ukawawekea ng'ombe, ukafagia, ndiyo ukaingia ndani. Hukuniuliza kwa nini. Mimi nikajifariji kwamba watu wote wale wanakuombea, na wengine waliandika maneno mazuri. Nilikuwa tayari kukusomea. Sikuona ubaya wangu siku ile, nakuambia ukweli. Niliuona baadaye, na si kwa wema wangu.

Ng'ombe ndiye aliyenisaidia. Wiki chache baadaye nilikuwa Kwa Sadala tena, nimeinama nyuma ya jike mmoja mkorofi, mkono wa kushoto uko ndani ya ng'ombe mpaka kwenye kiwiko, simu ikalia mfuko wa shati. Nikajaribu kuitoa kwa mkono wa kulia. Ikadondoka, jike akarudi nyuma hatua moja, akasimama juu yake, akatulia. Mwenye ng'ombe alicheka mpaka akashika nguzo. Nikarudi nyumbani na vipande kwenye mfuko wa rambo.

Usije ukamwambia mtu kwamba baba yako aliacha simu ya tachi kwa busara. Niliiacha kwa sababu ilikanyagwa. Nilikuwa nanunua nyingine mwisho wa mwezi, na kwa wakati huo nikachukua kitochi cha mama yako cha zamani, kile chenye namba tano iliyofutika.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Mkono ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe, hata nikiwa kanisani. Namba za watu wote zilikuwa zimepotea, nikaanza kuzunguka na daftari hili hili, nyumba kwa nyumba, naomba namba kama mtu wa sensa. Watu wakasema siku hizi hupatikani. Wengine walihamia kwa yule kijana mhimilishaji mwenzangu wa chini, ambaye bado anapokea video, na sikuwalaumu. Jambo lililoniuma zaidi ni mwalimu wangu wa kwaya. Alifariki, taarifa ikawekwa kwenye grupu peke yake, mimi nikajua siku tatu baada ya maziko. Nilikwenda kukaa na familia yake nikaona namna walivyoniangalia. Kwa hiyo sitakuambia kwamba simu ile ni mbaya. Kuna mambo niliyapoteza kwa kutokuwa nayo na hayajarudi.

Lakini kazi ilibadilika. Mtu akinipigia kwenye kitochi, hana picha ya kunipa, na mimi sina pa kuangalia. Inabidi niulize. "Ute unaonekanaje?" "Ameacha kula tangu lini?" "Hebu shika masikio yake. Yana baridi?" Nasikia anaondoka, nasikia ndoo inapigwa teke, anarudi anasema ndiyo Baba Aika, yana baridi. Basi nachukua chupa na kuondoka hapo hapo, hata kama nina sahani mbele yangu. Na mara nyingi sijui, kwa hiyo nakwenda. Nimerudi kutembea. Suruali zinanipwaya, umeona. Mwisho wa mwezi ulipofika nikasema nitanunua mwezi ujao, na huo ukapita pia. Tochi yake nayo si ya kudharau ukiwa bandani jioni.

Nilikuwa natembea siku moja, natoka juu kwa mteja, nikapita njia ya nyumbani kwa Baba Mkubwa. Nikamwona kwa mbali anaanika kahawa yake kidogo ile iliyobaki. Zamani ningekuwa nimeinamisha kichwa nasoma ujumbe, ningempita. Siku hiyo sikuwa na pa kuficha macho. Akaniangalia, nikamwangalia. Nikateremka mpaka hapa nyumbani bila kusema kitu, nikakata sale pale uani, nikalifunga fundo, nikapanda tena. Nilifika nimelowa jasho.

Nilipiga hodi. Alikuwa bado kwenye kahawa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Hakulichukua mara moja. Akanawa mikono kwanza, akajifuta kwenye suruali, akalipokea.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, kaka. Nilikutumia picha nikadhani..."

"Picha niliiona. Mke wangu alinionyesha. Jani lenyewe lilikuwa bado limesimama uani, mbe! Hukulikata hata kulikata. Mtu anakuomba msamaha na jani bado linapigwa upepo kwake?"

Nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo. Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, halafu nikalia kidogo, na yeye akajifanya anageuza kahawa. Mama Mkubwa akatuletea kiburu cha ndizi na maharage, tukala kwenye sahani moja kama tulivyokuwa tunakula kwa mama yetu. Ilikuwa siku njema kuliko nyingi nilizowahi kupata, na nilipotaka kumweleza habari za masikio ya ng'ombe akanizuia. Akasema yamekwisha.

Ndipo nikamwuliza juu yako. Nilimweleza habari ya matokeo, kwani yeye hakuwa kwenye grupu, alikuwa amesikia juu juu tu. Nikamwuliza kama kuna mahali popote mzazi alishawahi kumpelekea mtoto wake sale. Sisi wote wawili hatukuwahi kuona. Baba zetu walikuwa wakikosea wanatununulia viatu, basi.

Akafikiri. Akauliza, "Kosa ni la nani?"

"Langu."

"Sasa unaniuliza nini?"

Hiyo ni miezi minne iliyopita, Aika. Miezi minne nimekuwa natoka uani na kisu, naangalia masale, narudi ndani. Siku moja ulinikuta pale ukaniuliza natafuta nini, nikasema natafuta fimbo ya mbuzi, na mbuzi hatuna. Kumwendea kaka yangu kulikuwa rahisi kuliko kuvuka sebule kukufikia wewe. Ni aibu, nakiri. Baba anajua kusomesha, kufoka na kuchapa. Hili hakuna aliyenifundisha. Ulirudia mtihani peke yako, ukasoma hapo jikoni, ukafaulu, na siku ya matokeo yale ya pili uliyafungua mwenyewe ukiwa umejifungia ndani. Niliusikia mlango ukifungwa kwa komeo. Nilistahili.

Kwa hiyo suala la simu ni hili. Ninaogopa nikiwa na ile ya tachi nitauona uso wako kila Jumapili, utacheka, utasema niko salama Baba, na mimi nitaamini kama nilivyoamini picha ya yule ng'ombe. Nitaweka kidole gumba nitaendelea na chai yangu. Najijua. Kwenye kitochi nitalazimika kukuuliza, na nitakuuliza maswali mengi mpaka uchoke, na nikisikia sauti yako ina kitu nitakuja. Usicheke. Nilishaulizia mabasi.

Lakini na mimi sipaswi kuamua peke yangu namna tutakavyoonana. Nikisema sitaki, nakufanyia tena kile kile, naamua jambo lako nikiwa nimesimama mahali pangu. Kama bado unataka niwe nayo, iache mezani. Nitajifunza upya. Kwenye grupu la ukoo sitarudi, na habari zako hazitapita kwangu kwenda kwa mtu, njema wala mbaya, mpaka uniambie mwenyewe nizipeleke.

Barua hii nakuwekea juu ya begi jipya. Isome leo ukirudi, tafadhali usiiache kwa ajili ya safari. Nataka ujue kabla ya asubuhi ninachokuja kufanya, usije ukashtuka mbele ya mama yako, naye hajui.

Sale nimeshalikata. Liko kwenye ndoo ya maji nyuma ya banda, na fundo nimelifunga mimi. Kesho asubuhi ukitoka chumbani nitakuwa nimesimama mlangoni nimelishika kwa mikono miwili, nimenawa. Mila inasema ukishapelekewa huwezi kukataa. Mimi nakuondolea hilo. Sitaki unisamehe kwa sababu unalazimika, halafu uniitikie "sawa Baba". Ukiona bado, nipite tu, uende kwenye basi lako, sitakasirika na nitakubebea begi mpaka stendi. Nitakata jingine nikuletee huko Tabora. Nalo ukilikataa, nitarudi nyumbani, nitakata jingine.

Sauti zenu nazisikia njiani. Mama yako analalamika zipu ya begi.

Mimi baba yako, ninayekuomba msamaha.